Ufa Nyuma ya Jiko

Ufa ulianzia chini ya dirisha la jikoni, ukapanda kwa mshazari hadi karibu na ukingo wa paa, na pale ulipokuwa mpana zaidi Inspekta Jonah Emuron aliweza kuingiza kidole cha shahada. Alikiingiza, akakitoa, akakitazama. Kisha akachukua ufunguo wa Landrova na kuanza kukwaruza plasta kando ya ufa, polepole, kama mtu anayekwangua masizi ya sufuria.

Mzee Isacko Dadacha alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni. Jambo lake alikuwa amelieleza kituoni juzi, na sasa alilieleza upya kwa maneno yale yale. Fundi wake, Lokol, alikuwa ameiba saruji na kuchanganya mchanga mtupu. Ukuta ulikuwa umepasuka siku chache kabla ya mnunuzi kurudi. Mnunuzi alikuwa ameona ufa na kurudi nyuma. Kwa hivyo Lokol alistahili kukaa pale pale alipokuwa sasa, ndani ya seli ya kituo cha polisi cha Isiolo, mpaka aseme amemuuzia nani simiti.

Mjini hapakuwa na asiyeijua biashara ya Isacko. Zamani alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Aliwanunua wakiwa mifupa mitupu kwenye soko la Oldonyiro, akawapeleka penye malisho na kuwauza wamenona. Baada ya miaka ya vita vya shifta, alipobaki bila mnyama hata mmoja, aligeukia nyumba. Alizitafuta zile ambazo wenyewe walikuwa wamezichoka, za mabati yaliyotoboka, boriti zilizoliwa na mchwa na vyoo vilivyojaa. Alihamia ndani na mkewe, Mama Sadia, na binti yao ili asilipe kodi kwingine na ili saruji yake isilale bila mlinzi. Lokol alitengeneza chumba kimoja wao wakilala katika kingine. Rangi ikikauka, nyumba inauzwa, na familia inahamia nyingine mbovu.

"Nanunua iliyokonda," Isacko alizoea kusema, "nainenepesha, nauza kabla haijaanza kukonda tena."

Haikuwa kazi nyepesi jinsi alivyoisema. Ukibandua bati moja unakuta mbao mbili zimeoza chini yake. Saruji ililetwa kwa lori kutoka Nanyuki, na kuna miezi ilikosekana kabisa. Upepo wa kiangazi uliikausha plasta kabla haijashika. Na mnunuzi, ambaye haoni lolote katika hayo yote, alikuja akatazama rangi ya mlango. Lakini nyumba nne zilikuwa zimepita mikononi mwa Isacko bila kesi. Hii ya mtaa wa Bula Pesa, iliyokuwa ya tano na nzuri kuliko zote, ndiyo iliyomfikisha polisi.

Ufunguo uliteleza juu ya plasta bila kuingia. Emuron aliokota jiwe, akagonga. Plasta ilitoa sauti kavu, ya kitu kigumu. Akavunja kipande kwenye mdomo wa ufa na kumwekea Isacko kiganjani.

"Kibonyeze, mzee."

Isacko alikibonyeza kwa kidole gumba. Akakibonyeza tena. Hakikumong'onyoka.

"Labda hapa juu tu," alisema.

"Kimebanduka mpaka kwenye jiwe la ukuta. Ni kigumu chote."

Emuron alipiga magoti. Chini ya plasta ya Lokol kulikuwa na msingi wa mawe uliojengwa enzi ya mkoloni, na Lokol hakuwa ameugusa. Ufa ulipita hapo pia. Ulikuwa umetenganisha mawe mawili yaliyokaa pamoja miaka yote hiyo. Plasta haikuwa imepasuka yenyewe. Ukuta ulikuwa umesukumwa kutoka chini.

Alitazama ardhi. Upande huo wa mtaa udongo ni mweusi, ule unaovimba ukipata maji na kusinyaa ukikauka. Kiangazi kilikuwa kimeupasua uwanja wote vipande vipande, na mianya yake ingeweza kumeza mkono. Lakini kwenye pembe ile ya nyuma ya jiko mianya ilikuwa imefungwa. Udongo ulikuwa laini na wa giza, na nyasi changa zilikuwa zimechomoza, mwezi ambao hakuna tone lililoanguka Isiolo. Katikati ya nyasi hizo ulisimama mche wa mwarobaini unaofika kiunoni, majani yake yaking'aa.

Emuron aliuliza kama maji ya bomba yalikuwa yamefika kwenye nyumba. Isacko akasema bado, baraza la mji lilikuwa linamzungusha tu, nao walinunua maji kwa mkokoteni wa punda. Akaulizwa kuhusu mti.

"Ni wa Mama Sadia. Anataka kivuli."

Nyuma ya ua palikuwa na bafu la jirani, na mtaro wake ulielekea upande huo. Isacko aliuona mara moja baada ya Emuron kuuona, na uso wake ukachangamka, maana mtu aliyekosa mwizi hufurahia kumpata jirani. Inspekta aliomba jembe. Alichimba shimo kati ya mtaro na ukuta, akavua koti, akaendelea mpaka jembe lilipoanza kudunda. Kavu. Alichimba jingine karibu na mtaro wenyewe. Kavu vile vile. Maji ya jirani yalikuwa yakiishia kwa jirani.

Kwenye dirisha la jikoni mwanamke mrefu mwenye shela ya samawati alikuwa akipepeta mchele. Alikuwa ameyatazama mashimo yote mawili yakichimbwa. Emuron alipogeuka kumsalimu, aliitikia kwa adabu na kuendelea kupepeta.

*

Nje ya kituo, kwenye kivuli cha ukuta, Peris mke wa Lokol alikuwa ameketi na chakula kilichofunikwa kwa sahani. Emuron alimruhusu akipeleke, kisha naye akaingia.

Lokol alikuwa mtu mpana wa mabega, asiye na mkanda wala kamba za viatu, maana alikuwa amenyang'anywa vyote alipoingizwa. Emuron alimjulia hali kwa Kiturkana, kisha wakaendelea kwa Kiswahili kwa ajili ya koplo aliyekuwa akiandika. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Saruji yote aliyopewa ilikuwa imeingia kwenye ukuta. Alichanganya kama alivyochanganya katika nyumba zile nne. Plasta ilipokamilika, Mama Sadia aliinyunyizia maji asubuhi na jioni isikaushwe na upepo, na kazi hiyo aliifanya vizuri siku zote.

"Sasa ukuta ulipasuka kwa nini?" Emuron aliuliza.

"Sijui, afande. Labda mchanga wa mto ulikuwa na chumvi. Labda mawe ya zamani yamechoka. Nimefikiria mpaka kichwa inauma, na saa ingine mimi mwenyewe nasema, labda ni mimi nimekosea."

"Lakini hukuiba."

"Sikuiba."

Alikumbuka kitu kimoja tu. Ufa ulikuwa umeonekana kwanza, mwembamba kama uzi, wiki moja hivi baada ya Hashi kuja kupima vyumba kwa hatua za miguu. Aliuziba. Ukarudi mpana zaidi.

Hashi ndiye aliyekuwa mnunuzi. Alikuwa na lori na duka la nafaka karibu na msikiti, na baada ya ufa kutokea alikuwa ameomba apunguziwe bei. Emuron alikwenda kumwona kwa sababu hiyo. Mtu anayetaka kununua nyumba kwa bei ya chini anaweza kuwa na haja ya kuiona imeharibika. Alimkuta akishona gunia lililotoboka. Wakapeana salamu aleikum, na Emuron akamuuliza waziwazi kama ufa ule ulikuwa umemfaa.

Hashi hakukasirika. Alisema wiki ile alikuwa Moyale na lori lake, na askari wa kila kizuizi cha barabara wangeweza kumkumbuka. Isitoshe, nyumba aliitaka kwa ajili ya mama yake mzee, asikie adhana akiwa kitandani.

"Kama nataka bei ishuke, nitalalamika juu ya choo," alisema. "Choo ni mbaya kila nyumba. Kwa nini nivunje jiko la mama yangu?"

Emuron alikubali kwamba hilo lilikuwa na maana. Akamwomba asimulie siku aliyopima vyumba. Hashi alisema Isacko alimpitisha kila mahali akimwonyesha boriti mpya na kufuli mpya. Jikoni tu hakuingia. Mama Sadia alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, akampa chai pale pale, hakusogea. Yeye akaona ni heshima asimpite mwanamke wa watu.

*

Kabla ya kurudi Bula Pesa, Emuron alitaka kuziona nyumba zilizotangulia. Ikiwa Lokol ni mwizi au fundi mbaya, kuta zake za zamani zingesema. Mbili za kwanza zilikuwa imara. Wenyewe walilalamika, kama wenye nyumba wote, mmoja juu ya mlango unaogoma msimu wa mvua, mwingine juu ya dirisha lililowekwa upande wa vumbi. Nyufa hazikuwapo.

Ya tatu ilikuwa Kulamawe, na mwenyewe alikuwa Bisharo, mjane aliyeuza maziwa ya ngamia. Alimruhusu inspekta azunguke atakavyo. Kuta zilikuwa nzima. Uwanja ulikuwa na mpapai na michongoma, na Emuron akauliza ni nani aliyeipanda.

Bisharo alisema ni yeye. Alipohamia, uwanja ulikuwa mtupu kama kiganja. Alikuwa amemuuliza Mama Sadia mbona hakupanda hata mchicha, naye akajibu kwamba hakuna anayepandia mtu mwingine.

"Yeye hunitembelea," Bisharo aliongeza.

"Mnajuana?"

"Hapana. Alikuja mara ya kwanza, nikadhani amesahau kitu. Akaomba kuingia jikoni. Akakaa karibu na mafiga, akashika ukuta hivi, akauliza kama moshi unatoka vizuri. Nikasema unatoka. Akamaliza chai, akaenda. Amerudi tena baadaye. Mimi simfukuzi."

Emuron alishukuru. Ndani ya Landrova hakuwasha injini mara moja. Katika nyumba ya tatu mwanamke huyu hakuwa amepanda kitu, kwa sababu alijua ataondoka. Katika ya tano alikuwa amepanda mti ambao kivuli chake kingechukua miaka, na alikuwa ameupanda karibu na ukuta kiasi ambacho mtu aliyeishi na mafundi muda wote huo hawezi kukosea. Aliwasha injini.

*

Ilikuwa Ijumaa, na Isacko alikuwa msikitini. Sadia, binti yao, alikuwa shuleni. Mama Sadia, ambaye jina lake ni Kabale, alimkaribisha inspekta mlangoni. Emuron aliomba kwanza apite nyuma.

Safari hii hakuchimba karibu na mtaro wa jirani. Alichimba pale penye mti. Karibu na shina udongo ulikuwa na unyevu wa kawaida. Kuelekea ukutani unyevu uliongezeka, na kando ya msingi jembe lilitoka na tope zito linalong'ang'ania. Chini ya tabaka jembamba la vumbi alikuta mfereji mdogo uliochimbwa kwa mkono, ukitoka kwenye kisahani cha kunyweshea mti kwenda moja kwa moja kwenye mawe. Aliufunika tena jinsi alivyoukuta, akanawa mikono, akaingia jikoni.

Kabale alimmiminia chai. Jiko lilikuwa dogo, lenye rafu ya saruji na bomba la moshi la bati, na kila kitu kilikuwa mahali pake.

"Mama Sadia," Emuron alisema, "Lokol hakuiba simiti."

"Najua."

"Yuko ndani tangu juzi."

"Najua pia." Aliweka birika chini. "Nikisema, nani ataingia badala yake?"

"Hakuna. Sijui sheria ya kumfunga mtu kwa kunywesha mti wake."

Kabale alikaa kwenye kigoda. Hakulia. Alisimulia kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni. Mti ulipandwa bila nia mbaya. Isacko alikuwa amemwambia nyumba hii ni nzuri sana, labda watakaa, naye akaamini, akaupanda siku ile ile mahali ambapo angeuona akipika. Kisha akaja Hashi na kupima vyumba. Ufa ulipotokea alishtuka, akamwita Lokol auzibe. Halafu akasikia Hashi ameahirisha. Hapo ndipo alipoelewa maji ya mti wake yanaweza kufanya nini.

"Baadaye nikachimba ule mfereji," alisema. "Hilo nilikusudia."

Emuron aliuliza kwa nini hakumwambia mumewe tu kwamba hataki kuhama.

"Nilimwambia nyumba ya pili. Nikamwambia nyumba ya tatu. Yeye anasikia kama mtu anasikia redio." Aliupangusa mkono wake kwenye shela. "Wewe ni Mturkana, utaelewa. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mimi nilipoolewa, mama yangu na wanawake walinijengea yangu, miti ya kupinda na mikeka. Tulikuwa tunahama, sana. Nabomoa mimi, napakia ngamia mimi, najenga mimi. Lakini nyumba ilikuwa inahama na mimi. Siku hizi mimi ndiye nahama, nyumba inabaki na watu."

"Na Lokol?"

"Hiyo ndiyo imeninyima usingizi. Nilifikiri watamuuliza, watamwachilia. Kila nikitaka kusema, namwona Baba Sadia na ile aibu." Aliinuka kigodani. "Nitasema mwenyewe. Lakini wewe ukae hapa."

Walisikia lango likifunguliwa. Isacko alikuwa ametoka msikitini pamoja na Hashi, wakizungumzia bei. Emuron alitoka kumwomba Hashi asubiri kidogo uwanjani, na Isacko akaingia jikoni peke yake, akitazama mara kwa mkewe, mara kwa inspekta.

Kabale alimwambia yote akiwa amesimama. Hakuficha mfereji. Isacko alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka, akaenda nyuma, na kwa dirisha wakamwona akiinama na kuupapasa ukuta. Aliporudi vidole vyake vilikuwa na tope.

"Nimempa Hashi neno langu," alisema.

"Mpe nyumba basi. Ila ile ingine sitaingia. Nitakwenda Rapsu kwa dada yangu, nijenge yangu kwa mikono. Ukitaka, utakuja kama mgeni."

"Unajua kwa nini nauza." Sasa alikuwa akizungumza na Emuron, au na ukuta. "Wakati wa shifta, baba yangu aliniambia uza ng'ombe wote, mambo yanaharibika. Nikakataa. Nilikuwa nawajua kwa majina. Serikali ilipotufungia ndani ya kambi walikufa mbele yangu, mmoja mmoja. Nikaapa sitakaa tena na kitu ninachokipenda mpaka kinifie."

"Hii haili nyasi," Kabale alisema.

Isacko alimtazama. Kisha akanawa mikono kwenye beseni la mkewe, kidole kwa kidole, na kwenda uwanjani kwa Hashi.

Emuron hakuyasikia yote, ila alisikia ya kutosha. Isacko alimwambia Hashi kwamba alikuwa amemuuzia nyumba ya mtu. Hashi akauliza ya nani, na Isacko akaelekeza kidevu kwenye jiko. Hashi alivuta ndevu zake. Hakuficha kwamba amekasirika, maana mama yake alikuwa ameahidiwa. Hatimaye aliuliza kama kuna nyingine iliyokonda karibu na msikiti. Isacko akasema iko moja, imekonda vibaya, hata paa haina, na itachukua muda.

"Nani atalinda simiti yako usiku?" Hashi aliuliza.

"Nitalala huko mimi mwenyewe. Mama Sadia na mtoto watabaki kwao."

*

Kituoni Isacko aliweka kidole gumba kwenye karatasi ya kuondoa mashtaka. Emuron alimweleza kwamba siku nyingine akimshtaki mtu kwa kukisia atashtakiwa yeye, na mzee akakubali bila kubisha. Koplo alimtoa Lokol, akamrudishia mkanda na kamba za viatu.

Isacko alisema alilokuja kusema. Alisema amekosea, fundi hakuiba, ukuta uliharibiwa na maji. Maji yalitoka wapi alieleza pia, ingawa inspekta hakuwa amemlazimisha. Aliomba msamaha. Akaomba Lokol arudi, msingi ufukuliwe upande ule, ujazwe kokoto, ukuta ufungwe upya. Kisha akanyoosha mkono.

Lokol alikuwa ameinama akipitisha kamba kwenye matundu ya kiatu. Alimaliza cha kulia, akafanya cha kushoto, akasimama na kuvaa mkanda.

"Hiyo nyumba ni ya nani sasa?" aliuliza.

"Ya Mama Sadia."

"Basi kesho nitakuja kuongea na yeye."

Alimuaga inspekta kwa Kiturkana na kutoka nje, ambako Peris alikuwa tayari amesimama na sahani zake. Isacko alibaki mbele ya kaunta, mkono bado umenyooka, mpaka koplo alipomwomba apishe watu waliokuwa nyuma yake.